KNCU ilikuaje kutoka mrututu na mabomba, na stoo ya pembejeo ya AMCOS ijengwe vipi leo?

Kihamba_Juu:

Wakuu, salaam.

AMCOS yetu ya kahawa (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) huku Moshi Vijijini ina wanachama 620, na mkutano mkuu umekubali kufufua stoo ya pembejeo iliyofungwa muda mrefu. Kwenye mjadala wazee walishikilia kwamba enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, mrututu (dawa ya shaba ya kupulizia mibuni) ulikuwa unafika kihamba, yaani shamba la nyumbani, kabla ya mvua. Vijana wakajibu kwamba mikopo ya pembejeo ndiyo iliyovifilisi vyama. Sasa bodi inatakiwa iandike andiko la mkopo, na sitaki tuandike kwa hisia.

Naomba wajuzi mnisaidie. Kwanza, kihistoria: chama kikuu kilianzaje kugawa pembejeo, kilikua kwa sababu gani hasa, na mfumo ulivunjikia wapi? Pili, kwenye hesabu: makato yafanyweje ili chama kisibaki na madeni? Tatu, stoo yenyewe: kiasi gani kiagizwe, lini, na nini huharibika? Tafadhali tuwe na tarakimu, maneno ya jumla tumeshayasikia semina.

---

Daftari_la_Mlima:

Mkuu, wazee na vijana wote wako sahihi, ila kila upande unazungumzia miaka tofauti.

Watu wengi huanza kuhesabu na KNCU 1933, lakini mzizi ni wa 1925, ilipoundwa KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro, rais wake Joseph Merinyo. Kazi yake ya mwanzo haikuwa kuuza kahawa. Ilikuwa kununua dawa na mabomba ya kunyunyizia kwa pamoja, kisha kuhakikisha kila kihamba kinapuliziwa. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Walowezi walikuwa wakidai kwamba kahawa ya Wachagga ni kiota cha wadudu na magonjwa yatakayovamia mashamba yao, na walitaka wenyeji wakatazwe kuilima. Wala hilo halikuwa tishio tupu, maana ng'ambo ya mpaka, Kenya, Mwafrika alizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930. Kwa hiyo bomba la KNPA lilikuwa na kazi mbili, kuua wadudu na kumnyima mlowezi hoja. Ndiyo maana kupulizia kulisimamiwa kwa ukali ambao leo tungeuita udikteta.

Baadaye KNPA ikaingia kwenye kukusanya na kuuza kahawa ya wanachama. Bei ya dunia ikaporomoka kuanzia 1929, madeni yakapanda, hesabu zikawa na migogoro. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya vyama vya ushirika 1932, na 1933 ikazaliwa KNCU: chama kikuu juu, vyama vya msingi chini yake, meneja wa kuajiriwa (A.L.B. Bennett, aliyekaa hadi miaka ya 1940). Lile neno "Native" (mwenyeji), ndiyo N ya KNCU, limebaki kwenye jina mpaka leo, watu wameshalizoea.

Sasa kwa nini ilikua? Kwa maoni yangu jibu moja linabeba yote: kahawa yote ilipita mlango mmoja. Katikati ya miaka ya 1930 mamlaka ya wenyeji iliweka amri kwamba kahawa ya Mchagga iuzwe kupitia KNCU tu. Ukishakuwa na mlango mmoja, kukopesha mrututu mwezi wa pili hakuna hatari kubwa, kwa kuwa mwezi wa kumi kahawa ya mkopaji itapita mbele ya mzani wako, apende asipende. Benki nayo inajua hivyo, inakukopesha. Muuzaji wa dawa anajua hivyo, anakupa bei ya jumla. Utaalamu nao ulikuwa karibu: kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianzishwa 1934, kikatoa ushauri wa kupogoa, kupulizia na miche.

Lakini mlango mmoja unauma pia. Bei iliposhuka, mkulima aliyelazimishwa kuuza pale pale na kukatwa pale pale alikasirika, na 1937 kukawa na vurugu, baadhi ya maghala ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Hili liwekeni kwenye andiko lenu. Makato yanavumilika pale tu mkulima anapoyaelewa na bei inapobeba.

Baada ya vita vya pili bei ilipanda na chama kikapanuka hadi kujenga jengo lake kubwa katikati ya Moshi. Chuo cha Ushirika nacho kilifunguliwa Moshi 1963 (leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika), mahali ambapo tayari palikuwa na makarani, leja na mazoea ya ushirika.

Mivunjiko ni miwili, na ni muhimu msiichanganye.

Wa kwanza ni wa kisiasa. Sheria ya vijiji ya 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chama cha ushirika, na tarehe 14 Mei 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu. Kazi ya kukusanya kahawa na kuleta pembejeo ikahamia kwa Mamlaka ya Kahawa. Sheria mpya ilikuja 1982 na vyama vikuu vikarudi. Ukiangalia jina la kisheria la KNCU utaona mwaka 1984 umewekwa ndani ya mabano, maana ni usajili mpya. Miaka minane hiyo ilikata kumbukumbu: leja, makarani waliozoea, na ile desturi ya mwanachama kumjua karani wake.

Wa pili ni wa soko. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja vijijini. Walikuja na fedha taslimu. Chama kilikuwa kinatoa malipo ya awali, kisha ya pili, kisha majaliwa (malipo ya mwisho) baada ya mnada. Mkulima mwenye deni la pembejeo kwenye chama aliona njia rahisi: kahawa kwa mnunuzi binafsi, deni liachwe lilale. Mlango mmoja ukawa milango kumi, na mkopo wa pembejeo uliosimama juu ya mlango mmoja ukaanguka. Halafu bei ya dunia ikafika chini kabisa 2001, watu wakaacha kupulizia, wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi au wakaingia kwenye maziwa.

Kwa hiyo vijana wanaosema mikopo ndiyo iliyoua wameona moshi. Moto ulikuwa mkopo usio na mahali pa kuukata.

Tangu msimu wa 2018/19 serikali iliagiza kahawa ipitie AMCOS, kwa hiyo kwa kiasi fulani mlango umerudi. Ila usiuandikie andiko kana kwamba utabaki milele, amri hubadilika.

---

Ngosha_wa_Mzani:

Naongeza kidogo, maana Kilimanjaro hupewa sifa zote.

Kanda ya Ziwa mlango wa kuingilia ulikuwa mzani, mrututu haukuwepo kwenye hesabu. Wakulima wa pamba walikuwa wanaibiwa kilo vituoni, wakaanza kujiwekea wapimaji wao kando ya mizani ya wanunuzi. Kutoka hapo zikaja jumuiya za wakulima, na 1955 shirikisho la Victoria (VFCU) chini ya Paul Bomani. Ndani ya miaka michache lilikuwa linashika karibu pamba yote ya kanda na lina vinu vyake vyenyewe vya kuchambulia. Kulikuwa na kasi pale ambayo KNCU haikuwahi kuwa nayo.

Na kasi hiyo ndiyo iliyowatesa. Vyama vya msingi viliota kuliko makarani waliofundishwa. Kamati maalumu ya rais ya 1966 iliyochunguza ushirika nchini ilikuta watumishi wasio na ujuzi, gharama za uendeshaji zilizovimba, wanachama wasioelewa chama chao, na siasa ndani ya ajira. Baada ya hapo serikali iliingilia, na mahali pa VFCU pakawa na chama kikuu cha Nyanza.

Ninachotaka mkuu Kihamba_Juu akichukue: mkulima hujiunga pale anapoibiwa. Kama kwenu tatizo ni mbolea ya magendo na dawa feki, anzeni hapo. Kama ni mzani, stoo ya pembejeo haitawaletea watu.

---

Urari:

Najibu la pili, makato.

Kuna namna mbili za kukata na watu huzichanganya. Kato la kilo: kila kilo ya kahawa ya maganda (iliyokaushwa, haijakobolewa) inakatwa kiasi sawa, pembejeo zinagawiwa kwa wote. Ni rahisi kwa karani, lakini mwenye kahawa nyingi anamlipia mwenye kahawa kidogo, na aliyeacha kupulizia anachukua dawa anaiuza sokoni. Kato la deni: kila mtu anakatwa alichochukua. Ni kazi zaidi, lakini ni haki. Kwa chama cha watu 620 nendeni na kato la deni, na muweke leja ya pembejeo mbali na leja ya mazao. Mkizichanganya, siku ya mnada hamtajua fedha iliyobaki benki ni ya mkulima au ya msambazaji.

Sasa bei. Kosa linaloua stoo nyingi za AMCOS ni kusahau riba. Nachukua tarakimu za mviringo, wekeni zenu:

Mfuko wa mbolea kilo 50 kwa msambazaji mjini: 100,000
Lori hadi chama: 2,500
Makuli, kupakia na kushusha: 600
Upungufu (mifuko iliyopasuka, unyevu), nusu asilimia: 500
Jumla ndogo: 103,600
Riba 14% kwa mwaka, Februari hadi Oktoba, miezi 8: 9,669
Mlinzi, mtunza stoo, vitabu: 2,500
Gharama kamili: 115,769

Chama kikiuza kwa 105,000 kinadhani kimepata faida ya 1,400 juu ya zile 103,600. Ukweli ni kwamba kimepoteza 10,769 kwa kila mfuko, na kwa mifuko 400 hiyo ni 4,307,600. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakuta shimo na mkutano mkuu utasema mtunza stoo kala. Uzeni 116,000 kwa mkopo, na muwe na bei ya pili ya taslimu isiyo na riba, kama 106,500. Ubandikeni ukutani mchanganuo wote huo. Mwanachama akiona riba ni shilingi ngapi, wapo watakaouza mbuzi walipe taslimu, na hiyo ni salama kwenu kuliko mkopo.

Hapo bado hujaweka wasiolipa. Mifuko 400 kwa 116,000 ni 46,400,000. Asilimia 6 wasipolipa umepoteza 2,784,000. Kwa hiyo ama muongeze kiasi kidogo kwenye bei kiende mfuko wa tahadhari, ama muwe na akiba ya hiari iliyopitishwa na mkutano mkuu kwa kazi hiyo. Msitegemee "watalipa msimu ujao".

Ukomo wa mtu mmoja. Chukua wastani wa kilo alizoleta misimu mitatu, zidisha na bei ya chini kabisa kati ya misimu hiyo mitatu (siyo ya mwaka jana iliyokuwa nzuri), mpe asilimia 30. Mfano: wastani kilo 120, bei ya chini 4,500, thamani 540,000, ukomo 162,000. Hiyo ni mfuko mmoja wa mbolea kwa 116,000 na 46,000 za dawa. Kwa bei hiyo deni ni sawa na kilo 36 za kahawa yake. Bei ikianguka nusu, deni lile lile linakuwa kilo 72, yaani asilimia 60 ya mavuno. Hapo ndipo mtu mwema anapoanza kupeleka kahawa usiku kwa jirani. Mkimpa asilimia 50 tangu mwanzo, bei ikianguka nusu kahawa yote ni ya chama, na hataileta.

Kuhusu idhini: mkopo wa chama lazima ukae ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika. Pangeni mkutano mapema, kwa sababu kibali kikichelewa mwezi, mvua haingoji.

---

Kihamba_Juu:

Asante sana mkuu Urari, riba kwa kweli hatukuiweka kwenye rasimu yetu.

Swali la nyongeza. Mwanachama anachukua pembejeo kwa jina lake, mavuno yanaletwa kwa jina la mke au mtoto mwenye kadi yake. Tunakataje? Na je, mtu akiuza ikiwa bado mtini?

---

Urari:

Kopesheni kaya. Fomu ya mkopo iwe na majina yote ya kaya yenye kadi, wote wasaini, na karani wa mzani awe na orodha moja ya wadaiwa iliyopangwa kwa kaya. Orodha hiyo ikae mezani siku ya kupokea kahawa, isikae ofisini. Makosa mengi hutokea hapo hapo: foleni ni ndefu, karani anaandika kilo, anakata stakabadhi, deni anasema atalitazama baadaye. Stakabadhi ya mwanachama ioneshe kilo, thamani ya malipo ya awali, kato la pembejeo, deni lililobaki. Mistari minne. Mtu akitoka na karatasi isiyo na mstari wa deni, umeshampoteza.

Na kateni kwenye malipo ya awali, msisubiri ya pili. Kama malipo ya awali ni madogo, kateni nusu na nusu, lakini msisubiri majaliwa, kwani mwaka mbaya majaliwa hayapo.

Kuuza mtini (Kagera wanaita butura, na kule kwenye korosho wana kangomba yao) hakuzuiwi na karatasi. Anauza kwa sababu Mei na Juni ana ada na hana fedha. Vyama vinavyofanikiwa huwa na mkopo mdogo wa dharura kipindi hicho kutoka SACCOS (chama cha akiba na mikopo), ndani ya ule ule ukomo wa asilimia 30. Vikundi vya dhamana vya watu 5 hadi 7 husaidia pia, ila wawe majirani wa kitongoji kimoja wanaoonana vihamba. Vikundi vya kupangwa ofisini ni majina tu.

---

Funguo_Mbili:

La tatu niachieni mimi, stoo.

Anza na kalenda. Kwa mlima wetu mvua za masika ni Machi hadi Mei, mavuno kuanzia Julai hivi kuelekea mwisho wa mwaka. Dawa ya kopa (yaani ya shaba, mrututu ukiwa mojawapo) lazima iwe imeshapigwa kabla mvua hazijakaza, kwa sababu kopa hulinda jani na tunda lisilougua bado. Chule buni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikishaingia kwenye tunda changa, kopa haitoi kitu. Kwa hiyo mahitaji yakusanywe Novemba wakati watu bado wanaleta kahawa na mko nao mzanini, zabuni Desemba, mzigo stoo katikati ya Februari. Mzigo unaofika Aprili mwishoni ni mzigo wa mwakani ambao mnaulipia riba mwaka huu.

Kiasi. Msiagize kwa kukisia "kila mtu kilo mbili". Hesabuni mibuni. Mwenye mibuni 400 inayohitaji wastani wa robo tatu ya lita kila mmoja anatumia lita 300, yaani mabomba 20 ya lita 15. Lebo ikisema gramu 5 kwa lita, ni gramu 75 kwa bomba, kilo moja na nusu kwa mzunguko. Mizunguko minne ni kilo 6. Fanyeni hivyo kwa kila mwanachama, jumlisheni, toeni kilichobaki stoo ambacho muda wake haujaisha, kisha agizeni asilimia 90 ya hapo. Kumi zilizobaki wapo watakaoghairi. Mbolea hivyo hivyo: mibuni 400 kwa gramu 100 za CAN (mbolea ya kukuzia) ni kilo 40 kwa awamu moja, kwa hiyo mfuko wa 50 unamtosha na kidogo kinabaki.

Agizeni pakiti za kilo moja na nusu kilo. Gunia la kilo 25 ni nafuu, lakini mtaishia kupima dawa kwa kikombe na kuimimina kwenye mifuko ya sukari isiyo na lebo. Mtoto hajui kama ile ni dawa, na mkulima hajui kiwango. Sheria nayo haiwaruhusu kufungasha upya kiholela. Kabla ya kuuza chochote muwe na kibali cha viuatilifu kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usajili wa muuza mbolea kutoka TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Mbolea ya ruzuku ina mfumo wake tangu 2022/23, mkulima aliyesajiliwa hutambuliwa kwa namba yake na wakala huingiza mauzo kwenye mfumo. AMCOS inaweza kuwa wakala, ila fedha ya ruzuku isipite kwenye leja ya mkopo.

Mrututu wenyewe, kwa kuwa wazee wameutaja. Bado unafaa na ni nafuu, shida ni uchanganyaji. Kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, maji lita 100, au gramu 150 kwa 150 kwa bomba la lita 15. Mrututu uyeyushwe kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha ukiwa umening'inizwa ndani ya kitambaa juu ya maji. Kwenye debe la bati utalila debe. Chokaa kikorogwe peke yake na kuchujwa, kisichochujwa kinaziba pua ya bomba na mtu kutwa nzima anazibua. Kisha mrututu uliokwisha kuongezewa maji umiminwe polepole kwenye chokaa huku mtu mwingine anakoroga. Ukimimina vyote viwili vikiwa vizito unapata mabonge yanayotuama. Kipimo: chovya msumari safi wa chuma dakika moja. Ukitoka na rangi ya shaba, chokaa hakijatosha na dawa itaunguza majani, ongeza chokaa upime tena. Itumike siku hiyo hiyo, haihifadhiwi.

Stoo. Mifuko juu ya vichaga, nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite na upepo upite. Viuatilifu chumba chao, visikae na mbolea, na visikae kabisa na kahawa. Kahawa ya maganda hunyonya harufu, mfuko mmoja wa dawa uliovuja unaweza kushusha daraja la shehena nzima kwenye kuonjwa. Chenye tarehe ya karibu kuisha kitoke kwanza, hata kama kimeingia mwisho.

Halafu kuna hili moja ambalo nimeona likirudiwa stoo baada ya stoo: mfuko wa urea umepasuka, mfuko wa CAN umepasuka, mtunza stoo mwangalifu anafagia vyote viwili kwenye kiroba kimoja ili asipoteze. Urea na CAN zikikutana hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Asubuhi kiroba kinatoa maji, kesho yake uji, na uji huo unashuka kwenye mifuko ya chini yake. Wekeni viroba viwili vya kufagilia vyenye majina.

Vitabu ni vitatu tu: hati ya kupokelea mzigo, kadi ya stoo kwa kila aina, hati ya kutolea yenye saini ya mwanachama. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza stoo na mwingine kwa mjumbe wa bodi ambaye si mwenyekiti. Hesabu ya mali kila mwisho wa mwezi, na anayehesabu asiwe anayetoa.

---

Daftari_la_Mlima:

Funguo_Mbili, kuhusu kopa: miaka mingi ya kopa kwenye udongo wa kihamba hulimbikiza. Vihamba vya zamani vilivyopuliziwa tangu enzi hizo vinastahili kupimwa udongo kabla ya kuongeza mizunguko. Na wenye mibuni ya aina mpya zinazostahimili chule buni na kutu ya majani hawahitaji mizunguko minne. Wakati wa kuhesabu mibuni Novemba, karani aandike safu mbili, mibuni ya zamani na ya aina mpya. Vinginevyo mtaagiza dawa ya miti isiyoihitaji.

---

Funguo_Mbili:

Kweli kabisa, safu mbili. Nilisahau hilo.

---

Kihamba_Juu:

Wakuu nimeshaanza kuandika upya. Bei mbili ukutani, mkopo kwa kaya, ukomo asilimia 30 kwa bei ya chini, hesabu ya mibuni safu mbili. Limebaki moja: mzani wetu wa kupokelea kahawa una muhuri wa mwaka juzi. Tukianza kukata madeni juu yake kuna shida?

---

Ngosha_wa_Mzani:

Kubwa. Muhuri wa Wakala wa Vipimo ni wa kila mwaka. Mwombeni ofisa wao aje kabla ya msimu, na mununue mawe mawili ya kilo 20 yaliyohakikiwa muyaweke pale pale mzanini. Kila asubuhi kabla ya kupokea kilo ya kwanza, mwanachama yeyote aliye kwenye foleni ayapandishe mwenyewe mbele ya wenzake, karani aandike usomaji kwenye kitabu na mwanachama huyo asaini.